Huko Chuo Kikuu wanakionaje Kiingereza?

Kuna maneno yanayosemwa sana barazani siku hizi: "Mtoto akijua Kiingereza, ameshaelimika." Kwa ajili ya maneno hayo watu wanauza mbuzi. Wengine wanauza mpaka kipande cha shamba. Mtoto anapelekwa mjini kwenye shule ya kulipia, zile zinazoitwa ingilishi midiamu, angali hajaota meno ya pili. Akirudi likizo anasema "gudi moningi", na sisi wazazi tunacheka kwa furaha.

Sasa leo tuwatazame watu waliopanda ngazi hiyo mpaka juu kabisa. Hao ni wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu. Wao wanasoma kwa Kiingereza, wanafundisha kwa Kiingereza, na mitihani yao ni ya Kiingereza. Je, wanakionaje? Tena hayo wanayoyaona wao yanatuhusu nini sisi wa kijijini?

Yanatuhusu sana. Fedha inayotumika ni yetu, na watoto ni wetu.

HALI ILIVYO

Tuanze na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wengi hukiita Mlimani, kwa kuwa kimejengwa juu ya kilima. Chuo hicho kilianza mwaka 1961, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Tanzania. Siku hizi vyuo vikuu ni vingi. Kipo cha Sokoine kule Morogoro, kipo cha Dodoma, na vipo vingine vya Serikali, vya dini na vya watu binafsi. Karibu kote huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza.

Hebu tulieleze neno hilo. Lugha ya kufundishia ni lugha anayoitumia mwalimu kueleza somo. Ninyi mlipokuwa katika madarasa ya kisomo, lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Mlijifunza habari za mbolea kwa Kiswahili, na habari za maji safi kwa Kiswahili. Kiswahili hakikuwa kazi yenyewe. Kilikuwa njia ya kuifikia kazi. Chuo Kikuu njia hiyo ni Kiingereza, ila katika masomo ya Kiswahili chenyewe. Hayo yamefundishwa kwa Kiswahili tangu idara yake ilipoanzishwa mwaka 1970, na watu wamepata shahada zao barabara.

Mwalimu wa Chuo Kikuu hufundisha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mhadhara. Huo ni ukumbi mkubwa, pengine wanafunzi mia mbili au mia tatu, mwalimu anasema mbele na wao wanaandika. Njia ya pili ni semina. Hapo wanafunzi wanakuwa wachache, na kila mmoja anatakiwa kutoa mawazo yake na kubishana na wenzake.

Katika semina ndiko mambo yanakoonekana. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza. Kimya. Anauliza tena. Wanafunzi wawili watatu, mara nyingi ni wale wale wa kila siku, wanajibu. Wengine wanatazama daftari. Basi saa ikiisha, wanatoka nje na kukaa kivulini. Hapo sasa utasikia mjadala! Lile lile swali la semina linachambuliwa kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, na yule aliyekuwa kimya ndani ndiye anayewashinda wenzake nje. Vijana wengi waliosoma huko watakueleza habari hiyo, na walimu wao pia.

WANAFUNZI WANASEMAJE

Ukimwuliza mwanafunzi wa Chuo Kikuu kama anakitaka Kiingereza, atakujibu anakitaka. Tusidanganyane katika hilo. Vitabu vingi vya masomo yake vimeandikwa kwa Kiingereza. Akienda kuomba kazi katika shirika kubwa, barua ni ya Kiingereza, na mara nyingi hata mahojiano. Akitaka kwenda kusoma zaidi ng'ambo, hawezi kupita bila Kiingereza. Tena liko jambo la heshima. Mtu akisema Kiingereza cha kunyooka mbele za watu, anaonekana msomi, hata kama anachosema hakina uzito.

Lakini mwulize tena, taratibu, mkiwa wawili tu. Atakwambia mengine. Atakwambia kwamba anaogopa kusema kwa kuwa akikosea atachekwa. Atakwambia kwamba kitabu cha kurasa thelathini kinamchukua usiku mzima, maana kila mstari una maneno matatu ya kutafuta katika kamusi. Atakwambia pia jinsi wanavyofaulu mitihani. Wanakusanya maandishi ya mwalimu na majibu ya miaka iliyopita. Maandishi hayo wenyewe huyaita madesa. Desa linamezwa neno kwa neno, linatapikwa siku ya mtihani, na wiki inayofuata limesahauliwa.

Mimi nimezungumza na vijana kadhaa waliorudi likizo, na nimeona kwamba hawasemi kitu kimoja. Waliosoma shule za Kiingereza tangu utoto hawaoni shida kubwa. Waliotoka shule zetu za kata ndio wanaoeleza habari za madesa. Na hao wa kata ndio watoto wetu sisi.

Walimu wao wanalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1978 hapo Mlimani kilianzishwa kitengo maalumu cha kufundisha Stadi za Mawasiliano. Kazi yake ni kumfundisha mwanafunzi namna ya kusoma kitabu kwa Kiingereza, kusikiliza mhadhara na kuandika mambo muhimu, na kutunga insha. Fikirini jambo hilo. Kijana ameshafundishwa kwa Kiingereza sekondari nzima, kisha anafika Chuo Kikuu na inabidi afundishwe tena namna ya kukitumia.

WALIMU WAMEGAWANYIKA

Walimu wa vyuo vikuu nao hawako upande mmoja. Wapo wanaosema Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia. Hoja yao ni kwamba vitabu vya Kiswahili vya elimu ya juu ni vichache, na kwamba dunia inasonga haraka. Daktari au mhandisi asiyeweza kusoma habari mpya zinazotoka kila mwezi kwa Kiingereza ataachwa nyuma. Wanaongeza kusema kwamba Kiingereza kikiwa somo tu, vijana hawatakisikia popote, na kitakufa.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kusema hivyo. Mwaka 1984 alieleza kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na kwamba kukiacha kife ni makosa. Na Mwalimu hakuwa mtu wa kukidharau Kiswahili. Ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Juliasi Kaizari na ya Mabepari wa Venisi, tukazisoma kwa lugha yetu. Kwa hiyo hoja ya upande huu siyo hoja ya watu wajinga wala ya vibaraka. Tuipe haki yake.

Upande wa pili wapo walimu wanaosema tumechanganya mambo mawili. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja. Kujifunza kila kitu kwa Kiingereza ni jambo lingine. Mmoja wa walimu hao ni Martha Qorro, ambaye alifundisha hapo Mlimani miaka mingi katika idara ya lugha za kigeni, akawafundisha wanafunzi hizo stadi za mawasiliano. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Zaline Roy-Campbell walitoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Yeye hasemi Kiingereza kifutwe. Anasema kifundishwe vizuri zaidi kuliko sasa, na walimu wanaokijua, lakini hesabu, sayansi na historia zifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Ni mwalimu wa Kiingereza ndiye anayesema hivyo. Mwenye duka akikwambia bidhaa yake inatumiwa vibaya, msikilize.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kijana hajui kupanda baiskeli. Wewe unataka ajue, tena unataka gunia la mahindi lifike mashineni. Ukimpakilia gunia siku ile ile ya kwanza, utapata nini? Baiskeli hataijua, na mahindi yatamwagika njiani. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka shule ya msingi aliyofundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu. Anapewa wiki chache za kuzoea, kisha anapakiliwa fizikia, biolojia, jiografia na historia, zote kwa Kiingereza. Kiingereza hakijui, na masomo yanamwagika.

WALIOPIMA WALIONA NINI

Jambo hili limepimwa. Mnamo miaka ya 1970 watafiti wawili wa Chuo Kikuu, mmoja wao Penina Muhando, yule mwandishi wetu wa tamthilia, waliwapa wanafunzi maswali yale yale kwa lugha mbili. Kwa Kiingereza majibu mengi yalikuwa hayaeleweki. Kwa Kiswahili mwanafunzi huyo huyo alijibu na ikaonekana kuwa jambo lenyewe analifahamu. Maana yake ni kwamba ukimpima kwa Kiingereza tu unasema ni mjinga, kumbe siye.

Mwaka 1984 walikuja wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Katika Kidato cha Nne waliona kwamba kama mmoja tu katika kila kumi ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Kuanza, siyo kumaliza! Na Chuo Kikuu, wanafunzi walioweza kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika wawili katika kila kumi. Hata hivyo Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia. Kuanzia mwaka 1987 Uingereza ilisaidia mradi wa kukiimarisha sekondari, na vitabu vyepesi vya hadithi vikagawiwa mashuleni.

Hesabu hizo ni za zamani, na tusizitumie kana kwamba zimepimwa jana. Lakini mjadala wa leo ni ule ule, na yule kijana wa kimya katika semina bado yupo.

JANI LA MHINDI

Ili tuelewe shida iko wapi, tuchukue somo moja la biolojia. Jani la mmea hujitengenezea chakula. Hunyonya maji kutoka mizizini, huchukua hewa ukaa kutoka hewani, na kwa nguvu za mwanga wa jua huvifanya vitu hivyo viwe sukari. Kwa Kiingereza kazi hiyo ina jina refu, fotosinthesisi. Kwa Kiswahili wataalamu wameiita usanisinuru. Usanisi ni kuunganisha vitu ili kupata kitu kipya, na nuru ni mwanga. Jina lenyewe linakueleza jambo.

Sasa wewe mkulima unalijua jambo hili kwa macho yako. Mahindi yaliyopandwa chini ya mwembe hudhoofu, yakawa membamba na rangi hafifu, hata kama udongo ni mzuri. Mwanao amepalilia shamba hilo hilo. Angeambiwa habari ya usanisinuru angeruka na kusema, "Kumbe ndiyo maana yale ya mwembeni hayazai!" Lakini anaambiwa fotosinthesisi, anaandika mistari mitatu ya Kiingereza, anaikariri. Shamba liko upande huu, daftari liko upande ule, na hakuna daraja.

Wako wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hilo halina nguvu tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya maneno ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Ila neno lisilotumiwa darasani ni kama jembe jipya lililotundikwa darini. Halilimi. Kwa maoni yangu upungufu wa kweli ni wa vitabu vya kiada, yaani vile vya kufundishia, na huo siyo mdogo. Mtu akikwambia kazi hiyo ni rahisi, hajawahi kuandika kitabu.

SERIKALI NAYO

Serikali imekuwa ikilitazama jambo hili tangu zamani. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kipande mpaka sekondari na baadaye vyuo vikuu. Mwaka 1983 ikatangazwa kwamba haitakuwa hivyo. Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 ilisema Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na Kiingereza nacho kiimarishwe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mtoto wako akiingia sekondari ya Serikali leo, atafundishwa kwa Kiingereza. Hatuwezi kukaa tukingojea.

TUFANYE NINI SISI

Mama mmoja wa darasa la kisomo aliniuliza hivi: "Mwalimu, mimi Kiingereza sijui hata neno. Nitamsaidiaje mwanangu wa Kidato cha Pili?"

Nilimjibu kwamba hapo hapo penye kutojua kwake ndipo penye msaada. Jioni, kazi zikiisha, mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa kwa Kiingereza. Lisiwe somo zima, jambo moja tu. Kama amelielewa, ataweza kukueleza, hata kwa maneno yake ya mitaani. Kama amelimeza tu, atasema, "Ah, mama, hilo haliwezi kusemwa kwa Kiswahili." Ukisikia hivyo, usimgombeze. Mwambie kesho amwulize mwalimu. Mtihani huo hauna ada wala karatasi, na mzazi yeyote anaweza kuusimamia.

Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya shule ya kulipia, nenda kaione hiyo shule. Waulize wanafunzi wa darasa la juu wakueleze walichosoma wiki hiyo. Uliza mwalimu wa Kiingereza amesomea wapi. Uliza kama kuna vitabu vya hadithi vya kuazima, maana lugha ya kigeni haijiwi kwa kukariri kanuni. Mtu huijua kwa kuisikia na kuisoma sana, akianza na vitabu vyepesi. Ziko shule nzuri. Ziko pia zenye kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza na ndani hakuna kitu, mwalimu mwenyewe anababaika. Maswali hayo yaulizeni hata kwenye mkutano wa wazazi wa sekondari yetu ya kata. Mkutano huo ni wenu.

Na jambo hili wengi hawalijui. Mtoto asiyesoma Kiswahili vizuri hatakisoma Kiingereza vizuri. Aliyezoea kutafuta maana katika kitabu cha Kiswahili huenda na mazoea hayo hayo kwenye kitabu cha Kiingereza. Kwa hiyo gazeti hili mkishalisoma, msilifungie chumvi kwanza. Mpeni mtoto asome kwa sauti, kisha mwulizeni limesema nini.

Yule mama alikwenda kujaribu. Mwanawe alimweleza kwa nini maji yakichemka sufuria inatoa mvuke. Alieleza vizuri sana. Ndipo bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akauliza: "Basi na nguo nikianika kivulini hukauka, na maji yake hayakuchemka. Yamekwenda wapi?" Kijana akakuna kichwa. Jumatatu alikwenda na swali hilo kwa mwalimu wake wa fizikia, na darasa zima likabishana mpaka kengele ikalia. Nilipouliza walibishana kwa lugha gani, alicheka tu.